Kumbukumbu Isiyo na Tarehe

Mwaka 2007 jarida la Nature Neuroscience lilichapisha utafiti kuhusu jeni moja inayochangia namna binadamu anavyokumbuka mambo yaliyomchoma moyo. Kundi la kwanza la waliochunguzwa lilikuwa la Waswisi wenye afya njema. Walionyeshwa picha, nyingine za kawaida na nyingine za kutisha, kisha wakaulizwa wanazikumbuka zipi. Kundi la pili halikuhitaji kuonyeshwa picha. Hao walikuwa watu waliokimbia Rwanda, wakiishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na picha walikuwa nazo tayari vichwani.

Katika maandishi ya kisayansi, Nakivale hutajwa kwa mstari mmoja au miwili, kama mtu anavyotaja soko alikonunua vitunguu. Lakini mahali hapa pameifundisha dunia mambo ambayo maabara haiwezi kuyafundisha, kwa sababu hakuna maabara inayoruhusiwa kumtendea mtu yale ambayo vita humtendea.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ina watu zaidi ya 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Imegawanywa kanda tatu: Base Camp, Rubondo na Juru. Mtu wa Juru akishikwa na ugonjwa ulioshinda kituo cha afya, safari yake huishia Mbarara, penye hospitali ya rufaa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989. Yaani kati ya aliyekimbiwa na usingizi na aliyesomea usingizi hakuna umbali mkubwa. Ni nauli ya taksi na siku moja ya kuacha shamba.

Swali la watu hawa wawili ni moja. Kwa nini kichwa kinaendelea kupigana vita ambavyo miguu ilivikimbia miaka mingi iliyopita?

Kila jamii ya Nakivale ina jina lake la hali hii, na majina hayalingani. Kwa Wakongomani utasikia “mawazo mengi”. Wanyarwanda wana ihahamuka, neno lililoenea baada ya mwaka 1994, lenye picha ya mtu aliyeishiwa pumzi kwa woga. Wasomali wana buufis, kutoka kitenzi cha kupuliza au kujaza upepo: hamu ya kuhamishiwa nchi ya tatu, inayomjaa mtu hadi anashindwa kujenga maisha pale alipo, na safari ikikwama huweza kuugua kweli. Madaktari nao wana herufi zao, PTSD, ugonjwa ulioingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, vita vya Vietnam vikiwa bado vibichi. Sisi tuuite kiwewe: tukio hurudi kana kwamba linatokea sasa, mtu hukwepa kila kinacholikumbusha, na mwili hukaa macho saa zote kama mlinzi asiye na zamu.

Tofauti ya majina hayo si ya lugha tu. Mawazo mengi yanasema tatizo liko katika fikra. Ihahamuka inasema liko mwilini, kifuani hasa. Buufis inasema liko mbele, si nyuma. Wanasayansi walihitaji miaka mingi kukubali kwamba wote watatu wamesema kweli.

Tuanze na mwili. Katika shina la ubongo kuna kidoa cha seli ambacho wataalamu walikiita kwa Kilatini “mahali pa buluu”, kwa sababu ya rangi yake. Ukisikia mlio usioutarajia, kidoa hicho humwaga kemikali iitwayo noradrenalini katika sehemu kubwa ya ubongo, huku tezi zilizokaa juu ya figo zikimwaga adrenalini katika damu. Moyo unakwenda mbio, mboni zinatanuka, damu inakimbilia misuli, pumzi inakatika. Mtu hajawaza lolote bado.

Noradrenalini hiyo hiyo ndiyo inayouambia ubongo: hili lihifadhi. Kazi hupitia amigdala, vifundo viwili vyenye umbo la lozi, kimoja kila upande wa kichwa. Mwaka 1994 Larry Cahill, James McGaugh na wenzao huko California walilionyesha jambo hili kwa jaribio rahisi. Watu walisimuliwa kisa chenye picha, cha mtoto anayegongwa na gari. Waliomeza kidonge kisicho na dawa waliikumbuka sehemu ya ajali kuliko sehemu nyingine za kisa. Waliomeza propranololi, dawa ya moyo na presha ambayo huzuia noradrenalini isifanye kazi yake, hawakuipa ajali nafasi ya pekee. Kisa kilikuwa kile kile. Kilichotofautisha kumbukumbu ni kidonge.

Jirani ya amigdala kuna hipokampasi, iliyopewa jina la farasi wa baharini kwa umbo lake. Huyu ndiye karani. Kila linaloingia hulipigia muhuri wa mahali na wakati: hiki kilitangulia, hiki kikafuata, kimekwisha. Kazi yake ilijulikana kwa ajali ya kitabibu mwaka 1953, daktari wa Marekani alipomkata kijana mmoja, Henry Molaison, sehemu hiyo pande zote mbili ili kumtibu kifafa. Kifafa kilipungua, lakini kuanzia hapo hadi kifo chake mwaka 2008 Molaison hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya za siku zake. Daktari aliyekutana naye asubuhi alikuwa mgeni tena mchana.

Woga ukipita kiasi, amigdala na karani huachana. Amigdala hupaza sauti. Karani, akizidiwa na homoni za msongo kama kotisoli, huandika ovyo. Wanasaikolojia Thomas Elbert, Maggie Schauer na Frank Neuner wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, ambao walifanya kazi Nakivale, hutofautisha kumbukumbu ya moto na ya baridi. Ya moto ni harufu, mlio, jasho, mapigo ya moyo. Ya baridi ni mwaka, jina la kijiji, nani alikuwepo, nini kilifuata. Kwa mwenye kiwewe, ya moto imeng'ang'ania na ya baridi imekatika vipande. Mvua ya ghafla ikipiga mabati usiku, ubongo wake hausemi “hii inanikumbusha mwaka ule”. Unasema “wamefika”. Kiwewe, kwa kifupi, ni kumbukumbu iliyonyimwa tarehe.

Na hapo ndipo mkimbizi anapoonewa mara ya pili, maana hakuna mtu duniani anayeulizwa tarehe kama yeye. Ulitoka lini? Mlikuwa wangapi? Waliovamia walivaa nguo gani? Mdogo wako alipotea kabla ya kuvuka mpaka au baada? Anaulizwa anapoandikishwa, anaulizwa anapoomba hadhi ya ukimbizi, na akiingia katika safari ndefu ya kuhamishiwa ng'ambo ataulizwa tena na tena, majibu yakilinganishwa. Yakipishana, anaonekana mwongo.

Mwaka 2002 Jane Herlihy na wenzake walichapisha katika British Medical Journal matokeo ya kuwahoji mara mbili watu wa Kosovo na Bosnia walioko Uingereza. Hao walikuwa wamekwisha kupewa ruhusa ya kukaa, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kutunga. Hata hivyo majibu yao yalipishana, hasa katika mambo ya pembeni ya tukio, na kwa wenye dalili nyingi za kiwewe tofauti ziliongezeka kadiri muda kati ya mahojiano ulivyorefuka. Maana yake ni kwamba kigezo kinachotumiwa kumnasa mwongo humnasa pia aliyeumia zaidi. Afisa anayetaka ukweli atambue kwanza kwamba karani wa kichwani hakuwa kazini siku ile. Siioni hoja ya kisheria inayoweza kulishinda jambo hili, ingawa najua foleni ni ndefu na fomu ina kisanduku cha tarehe.

Turudi kwenye ile jeni. Inaitwa ADRA2B, na kazi yake ni kutengeneza kipokezi cha noradrenalini, mfano wa tundu la kufuli ambamo kemikali hiyo huingia. Baadhi ya watu wana toleo lake fupi, lililopungukiwa amino asidi tatu. Waswisi wenye toleo hilo walizikumbuka vizuri zaidi picha zenye hisia. Watu wa Nakivale wenye toleo hilo walirudiwa zaidi na yaliyowapata. Mwaka 2012 Dominique de Quervain na wenzake walileta jeni nyingine, wakiwa wamechunguza wakimbizi zaidi ya 300 wa Rwanda: toleo lililohusishwa na uwezo mkubwa wa kukumbuka kwa Waswisi lilihusishwa na hatari kubwa ya kiwewe kwa wakimbizi. Kinachompa mwanafunzi alama nzuri darasani ndicho kinachomkosesha usingizi aliyenusurika.

Habari za jeni ni tamu kwa wanaopenda kunyoosheana vidole, maana hawakawii kusema kichaa kiko katika ukoo fulani. Ndiyo maana nauona utafiti wa tatu, wa Iris Kolassa na wenzake wa mwaka 2010, kuwa muhimu kuliko yote miwili, ingawa hauna mvuto wa magazetini. Nao uliwahusu wakimbizi wa Rwanda hapo hapo Nakivale. Waliangalia jeni inayotengeneza kimeng'enya kinachovunja noradrenalini na dopamini, wakahesabu pia aina za mateso ambayo kila mtu alipitia. Wenye toleo fulani walikuwa katika hatari kubwa hata mzigo wao ulipokuwa mdogo. Kwa wengine hatari ilipanda hatua kwa hatua, na mzigo ulipofika juu kabisa karibu kila mtu aliugua, awe na toleo lipi. Anayemwambia jirani yake wa Juru “mbona sisi tulivumilia” ahesabu kwanza mizigo yote miwili.

Sasa tiba, na hapa ndipo Nakivale inapostahili heshima ambayo bado haijapewa. Wale watu wa Konstanz walibuni matibabu ya kusimulia. Mgonjwa na mtibu hutandika kamba sakafuni, nayo ni maisha tangu kuzaliwa. Ua huwekwa penye jambo jema, jiwe penye baya. Kisha maisha yanasimuliwa kwa mpangilio, na wakifika penye jiwe hawaruki. Uliona nini? Ulisikia harufu gani? Mwili ulihisi nini, na sasa hivi unahisi nini? Ilikuwa msimu wa mavuno au wa kupanda? Mtibu anaandika, kikao kinachofuata anasoma, mgonjwa anasahihisha. Mwishoni mtu anakabidhiwa maisha yake yakiwa yameandikwa, kila jiwe mahali pake. Karani anafanya leo kazi iliyomshinda siku ile.

Swali lilikuwa nani ataifanya kazi hiyo mahali ambapo wakimbizi ni maelfu kwa maelfu na madaktari wa akili ni wa kuhesabu. Jibu lilikuwa wakimbizi wenyewe. Walichaguliwa watu wa kawaida kutoka miongoni mwao, wakafundishwa kwa wiki sita. Wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, wote wenye kiwewe kilichothibitishwa, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapata tiba ya kusimulia, wengine ushauri wa kawaida wa kiwewe kutoka kwa washauri hao hao, na kundi dogo likafuatiliwa bila tiba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walipopimwa tena baadaye, asilimia 70 ya waliosimulia na asilimia 65 ya walioshauriwa hawakuwa tena na ugonjwa. Kwa waliofuatiliwa tu ilikuwa asilimia 37.

Namba hizo zinataka kusomwa pole pole. Kati ya 70 na 65 pengo ni dogo, na mwenye kuipigia debe kamba na mawe asijifanye halioni. Ile 37 nayo ina neno: muda peke yake huwaponya baadhi, kwa hiyo wazee wanaosema “utasahau” hawadanganyi, ila wanawazungumzia wachache. Lakini pengo kati ya 37 na 65 limejengwa na watu wasio na shahada, kwa lugha zao wenyewe. Hilo ndilo somo kubwa. Mwaka 2013 likathibitishwa kwa njia nyingine mashariki mwa Kongo, ambako utafiti wa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono ulionyesha kwamba tiba ya vikundi, ikiongozwa na wasaidizi wa jamii waliofundishwa, iliwapunguzia dalili kuliko msaada wa mtu mmoja mmoja.

Kwa nini kusimulia kubadilishe kemia? Fununu moja ilitoka kwa panya. Mwaka 2000 Karim Nader, akiwa New York na Joseph LeDoux, alionyesha kwamba kumbukumbu ya woga ikiamshwa huwa laini kwa muda, na lazima ubongo utengeneze protini upya ili kuihifadhi tena. Ukizuia protini hizo katika amigdala wakati huo, woga unafifia. Kumbukumbu basi si maandishi juu ya jiwe. Ni kama udongo wa kuta za Juru, unaolainika ukiloweshwa na kukauka kwa umbo jipya. Kwa binadamu ushahidi ni mgumu zaidi na wataalamu bado wanabishana, kwa hiyo asije mtu akauza “dawa ya kufuta kumbukumbu” kwa jina la Nader. Sayansi hii yenyewe haiko mbali na ukimbizi: Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kueleza jinsi seli za neva zinavyohifadhi kumbukumbu, alikuwa mwenyewe mkimbizi: aliondoka Vienna akiwa mtoto mwaka 1939.

Si kila mazungumzo ni tiba. Kumkalisha mtu mara moja tu, mara baada ya balaa, na kumtaka amwage yote, ni desturi iliyoenea sana miaka ya 1990. Uchambuzi wa majaribio mengi uliotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2002 haukuona kwamba inazuia kiwewe, na palikuwa na dalili kwamba baadhi iliwadhuru. Kuchokonoa jeraha na kuondoka si sawa na kulisafisha.

Wengi, hata hivyo, hawafiki kwa mshauri. Wanafika dukani. Waragi ndiyo tiba ya kwanza ya usingizi vijijini, na kwa saa mbili tatu inafanya kazi, kwa sababu pombe huutuliza ubongo mzima bila kuchagua. Lakini hukandamiza usingizi wa ndoto mwanzoni mwa usiku, na kabla ya alfajiri ndoto hurudi na madeni yake. Mairungi, yaani miraa, ni kinyume chake. Jani bichi lina kathinoni, ndugu wa amfetamini, inayochakaa jani likinyauka. Ndiyo maana hufungwa kwenye majani ya mgomba na kukimbizwa sokoni. Kathinoni huongeza noradrenalini na dopamini. Kumpa mwenye kiwewe mairungi ni kumpigia filimbi mbwa ambaye tayari amebweka usiku kucha.

Kisha kuna vidonge vya Valium. Vinaleta utulivu wa haraka, lakini Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2013 lilishauri watu wazima wenye msongo wa balaa la karibuni wasipewe dawa za aina hiyo. Haziponyi kiwewe, na mwili huzizoea hadi kuzidai. Na propranololi, ile ya jaribio la 1994? Majaribio ya kuitumia kuzuia kiwewe hayakuleta jibu la kutegemewa, na kwa mwenye pumu inaweza kubana pumzi vibaya. Zipo dawa za mfadhaiko zinazosaidia wengine, na hizo ni za kuandikiwa na mtaalamu, si za kunong'onezwa na muuzaji.

Tahadhari moja ya haraka: si kila kuchanganyikiwa ni kiwewe. Anayeanza kuongea ovyo ghafla akiwa na homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Mbarara ilikuwa mojawapo ya vituo vya jaribio kubwa lililowahusisha watoto 5,425 wa Afrika wenye malaria kali, lililochapishwa mwaka 2010: waliotibiwa kwa sindano za artesuneti walikufa asilimia 8.5, wa kwinini asilimia 10.9. Tangu hapo artesuneti imeshika nafasi ya kwinini. Kumpeleka mgonjwa wa namna hiyo kwa maombi kwanza, kisha hospitali, ni kupoteza saa ambazo hazipo.

Limebaki lile la buufis, la mbele. Mwaka 2010 Kenneth Miller na Andrew Rasmussen waliwakosoa wataalamu wa kiwewe kwa kuangalia vita tu na kusahau njaa, kodi, paa linalovuja na mtoto asiyekwenda shule. Nakivale inawapa haki. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, Februari 2021 likaushusha hadi asilimia 60 ya mgao kamili, na mwaka 2023 likaanza kuwagawa watu katika makundi kwa kiwango cha uhitaji, wengine wakabaki bila kitu. Tezi za juu ya figo haziulizi kama tishio ni bunduki au sufuria tupu. Kotisoli ni ile ile. Lakini siwafuati wakosoaji hao hadi mwisho. Wale wa kundi la asilimia 37 waliishi makazi yale yale na wa kundi la asilimia 70, wakila mgao ule ule. Chakula ni haki, hakihitaji kuitwa tiba. Na tiba isicheleweshwe kwa kungoja ghala lijae.

Karibu kila utafiti niliotaja umeandikwa kwa Kiingereza, mwingine katika majarida yanayouzwa kwa bei ambayo mshauri wa kujitolea wa Juru haiwezi. Watu wa Nakivale walitoa vinasaba vyao na visa vyao. Chuo cha Mbarara kina wataalamu na kiko jirani. Kurasa nne zinatosha: kidoa cha buluu, karani, kamba na mawe, onyo la Valium. Ziandikwe kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali, zibandikwe kwenye ukuta wa kituo cha afya cha Juru, na nakala moja ipelekwe ofisi wanakohoji watu.